Simiyu, Fundi Aliyezisoma Kofia kwa Ndani

Wapendwa, mliotoka West Bay na mliobadilishana zamu ili mfike hapa Mesaimeer, Doha, Ijumaa hii ya tarehe 9 Machi 2018, tunawasomea maisha ya ndugu yetu Nahashon Simiyu Makokha kama mama yake, Kukhu Nafula, yaani bibi yetu sote, alivyoyahifadhi moyoni, naye ameagiza kutoka Kimilili kwamba pa kucheka mcheke, maana mwanawe hakupenda watu waliojikunja kama shati lisiloonja pasi.

Simiyu alizaliwa tarehe 12 Januari 1966, Kamukuywa, Kimilili, kiangazi kimekaza, na ndiyo asili ya jina lake, mtoto wa tatu wa Mzee Philipo Makokha na Nafula. Ukutani pa nyumba ile palining'inia kofia ya kitambaa yenye ukingo mbele, ambayo Mzee alirudi nayo mwaka 1942 kutoka jangwani, alikokwenda kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza, akisema ni ya askari wa Hitler aliyekimbia akaiacha mchangani, lakini jirani yake Dedan hakumpa nafasi, kila mara alimchokoza, "Makokha, hiyo si uliinunua dukani Kitale!", na Mzee akafariki tarehe 3 Juni 1979 bila kuushinda ubishi huo, jambo lililomkaa Nafula kooni kama mwiba wa samaki.

Marehemu alisoma Shule ya Msingi Kamukuywa tangu 1973 hadi 1980, kisha chuo cha ufundi cha kijiji, ambako mwalimu wake, Fundi Gerishon, alimfunza sheria moja tu, "Kitambaa cha mteja hakitupwi, hata kikiwa kidogo kama ukucha", akashona sare na kofia za askari katika soko la Bungoma kwa miaka mingi, na tarehe 5 Desemba 1992 akafunga ndoa na Emily Nekesa, Mungu akawajalia Fiona mwaka 1994 na Trevor mwaka 1998.

Tarehe 6 Septemba 2005 aliingia Doha kushona sare za walinzi na wahudumu wa hoteli, na ilikuwa Februari 2010 alipofika dukani Mzee Arnold, mhandisi mstaafu wa Kiholanzi anayeishi The Pearl, na kofia ya afisa wa Kijerumani wa enzi ya Wanazi, ngozi ya ndani imelegea, akasema tu, "Nitengenezee." Basi Simiyu, kwa moyo mweupe, akaifua, akaipiga pasi, akaweka ngozi mpya na uzi mpya, ikang'aa kama ya bwana harusi, na Mzee Arnold alipoiona alishika kichwa, "Umeniulia kofia, rafiki yangu! Uzee wake ndio niliokuwa nautaka!" Simiyu akavuta droo akatoa bahasha, na ndani mlikuwa na uzi wote wa zamani, ngozi yenye chapa ya aliyeishona, na kipande cha gazeti alichokunja yule afisa mwenye kofia ili imkae kichwani, akavirudisha vyote kwa siku nne, sindano ikipita katika matundu yaleyale.

Tangu hapo wakawa marafiki, na Mzee Arnold akamweleza kwamba askari wa kofia zile walimchukua baba yake wala hakurudi, "Nakusanya mashahidi, Simiyu, na shahidi wa uongo ataharibu kesi." Ndugu yetu akawa mtambuzi wa kofia za kweli na za bandia, akijua utepe mweupe ni wa askari wa miguu, mwekundu wa mizinga, wa waridi wa vifaru, na kwa taa ndogo ya kukagulia noti aliweza kuona uzi wa kisasa uking'aa pale ambapo wa zamani hunyamaza. Kila kofia aliilaza kichwa chini, yule tai wa nembo ya mbele akitazama meza, na kijana aliyetaka kuijaribu ili apigwe picha aliambiwa, "Weka chini, bwana, serikali ya kofia hii iliua watu mamilioni, sisi tunaisoma, hatuivai."

Tarehe 20 Desemba 2014 alifika Kamukuywa likizo na taa yake mfukoni, watu wakajaa sebuleni, Dedan akiwa mbele, akaimulika kofia ya baba yake, na uzi ukang'aa. Dedan akapiga makofi, "Si nilisema! Kitale!", na Simiyu, ambaye hakuwahi kupitisha kofia bandia hata kwa kuombwa, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nisamehe, hii si ya kweli." Nafula akaisogeza kofia karibu na macho yake, "Hebu nione, ala! Huo si uzi wangu? Panya walikula bitana mwaka 1983, nikaifunika kwa kipande cha gauni langu la Krismasi!" Simiyu akafumua mshono mmoja mmoja, na chini ikatokea bitana nyekundu iliyoliwa na panya, yenye muhuri wa mwaka 1941, na uzi wake, ulipomulikwa, ukanyamaza. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, "Kumbe huu ugonjwa wa kuua kofia nimeurithi!", naye Dedan akavua kofia yake mwenyewe, akatoka hadi kaburini, akasema, "Makokha, umeshinda, lala."

Ugonjwa wa figo ulimwanza Agosti 2017, na asubuhi ya Jumamosi tarehe 3 Machi 2018 akatutoka. Tunawashukuru madaktari, muuguzi Carolyne aliyemwimbia kwa lugha ya kwao, majirani wa chumba chake, mafundi wenzake, na Mzee Arnold, aliyekaa naye siku zote akiwa amevua kofia yake mwenyewe, ameishika mapajani.

Mwili unasafiri kesho, na Nafula aliomba jambo moja kwenye simu, "Msitupe kitu chake, hata kikiwa kidogo kama ukucha", kwa hiyo tumeweka katika bahasha futi yake, subana ya kukinga kidole, chaki, ile taa, na sindano moja yenye uzi ambao hakuumaliza. Mama, bahasha iko tayari, inakuja pamoja naye.

Simiyu, fundi wetu, pumzika kwa amani.