Swali Nililomuuliza Fundi Cherehani

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali, Daktari Bingwa wa Upasuaji, wakuu wa idara, wenzangu wa kliniki ya meno, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Na wewe fundi wangu uliyekaa safu ya tatu karibu na dirisha, ambaye ratiba haikukutaja, mimi nakutaja.

Mniwie radhi nikiongea huku nimeegemea meza. Mtu akiinamia vinywa vya watu miaka thelathini na mmoja, mgongo nao unadai kustaafu. Nimesikia sifa zote mlizonimwagia tangu asubuhi, na nawashukuru. Lakini nilikuwa nazisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya jirani. Nikasema moyoni, kabla sijaondoka, niwaambie jambo moja ambalo halimo kwenye sifa hizo. Fundi nimemwomba ruhusa. Akanijibu, "Simulia, ila usinipambe."

Basi sipambi. Fundi huyu ana duka la kushona lenye mashine mbili. Miaka sita iliyopita alikuwa na uzito uliomwonea: sukari ilikuwa juu, magoti yalimuuma hata akikanyaga cherehani. Akafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo hapa hapa, ghorofa ya tatu. Ndani ya mwaka mmoja alipungua kilo hamsini na mbili. Gauni zake mwenyewe alizipunguza mara nne. Mara ya tano akaona bora ashone mpya.

Ndipo akaja kwangu. Chai ya moto ilimchoma meno, maji ya baridi yalimchoma, na jino la mbele lilimeguka alipokuwa anakata uzi. Alikuja na wifi yake, ambaye tangu mwanzo hakuutaka upasuaji ule. Nikamulika. Meno ya juu, kwa upande wa ndani, yalikuwa yamelika, laini kama sabuni iliyotumika. Nilishayaona meno ya namna ile kwa watu wanaojitapisha ili wakonde. Nje walikuwa wamebaki wagonjwa kumi na wanane. Nikauliza bila hata kuinua kichwa:

"Mama, huwa unajitapisha?"

Akafunga mdomo. "Mimi, daktari?"

"Nauliza tu."

"Hujauliza. Umeshajibu."

Akashuka kitini, akaondoka. Jioni ile ile ukoo mzima ulikuwa na habari: hata daktari kasema, anajitapisha, kilo hamsini hazijamtosha.

Hakurudi kwa miezi kumi na minne. Wateja wakadhani amekuwa na maringo kwa sababu alikuwa hacheki tena. Aliporudi alikuja peke yake, kiganja mdomoni, na meno manne ya mbele yamebaki vipande. Akaniambia, "Nimeletwa na maumivu, sijaletwa na wewe."

Siku hiyo niliweka vifaa chini. Nikainua kiti chake mpaka tukatazamana, nikamwambia, "Nieleze siku yako moja, tangu unapoamka."

Akanieleza. Tumbo lake sasa linapokea vijiko vichache, kwa hiyo anakula mara saba kwa siku. Akila haraka kwa sababu mteja amesimama mlangoni, chakula kinarudi chenyewe, bila kuombwa. Kila siku, wakati mwingine mara mbili. Alidhani ndivyo upasuaji ulivyo, hivyo akavumilia. Katikati ya milo anakunywa maji ya limau, kidogo kidogo, kutwa nzima.

"Na ukishatapika, unafanya nini?"

"Napiga mswaki hapo hapo. Mswaki mgumu, nasugua hasa. Kila nikila, kila nikitapika. Si ndivyo mlivyoandika pale mlangoni?"

Ndugu zangu, bango lile niliandika mimi. "Piga mswaki kila baada ya kula." Nyinyi wenyewe mnaniita Mama Mswaki. Asidi ya tumboni ikipita kwenye meno huyalainisha, na limau nalo ni vivyo hivyo; ukisugua saa ile ile, unalikwangua jino lenyewe. Fundi alikuwa akilikwangua mara tisa kwa siku. Nilikuwa nimemtuhumu mtu aliyekuwa akinitii.

Nikamwomba radhi. Akasema, "Radhi nimeisikia. Sasa mpigie wifi."

Nimeng'oa meno magumu katika maisha yangu, lakini simu ile niliishika nikairudisha mara mbili kabla ya kuipiga. Wifi alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa daktari, wale niliowaambia niwaambieje?" Baadaye nilisikia aliwazungukia mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Mimi sijui kama ningeweza.

Kesho yake nikapanda ghorofa ya tatu. Daktari Bingwa, unakumbuka? Miaka tisa tulisalimiana getini, tukazungumza mvua na mpira. Ukaniambia, "Nilidhani unajua." Nikakwambia, "Na mimi nilidhani unawaambia." Tukakaa tukaandika karatasi moja tu: kabla ya kisu, mgonjwa apite kwetu, akitapika mara kwa mara asivumilie, arudi kwa daktari, asukutue kwa maji matupu, asubiri saa nzima ndipo apige mswaki, tena mswaki laini, na kiu aikate kwa maji, si kwa limau. Bango nikalibandua kwa mikono yangu.

Meno sita ya fundi hatukuweza kuyaokoa. Mengine tumeyavika. Nilimuuliza kama anaujutia upasuaji. Akasema, "Magoti yangu yananipeleka ninakotaka. Siujutii. Ila mngeniambia."

Ila mngeniambia. Nilishuka stoo nikafukua mafaili ya zamani, nikayalinganisha na orodha ya Daktari Bingwa, nikapata wagonjwa kumi na saba wa ghorofa ya tatu waliopita mikononi mwangu, na hakuna hata mmoja niliyeandika kwamba alifanyiwa upasuaji. Kwa nini niandike, wakati sikuuliza? Niliwapata kumi na mmoja kwa simu. Sita namba zao hazipatikani. Mkiniona nimechoka, msidhani ni mgongo peke yake.

Kesho saa mbili asubuhi kuna mwalimu atakuja, amefanyiwa upasuaji mwezi uliopita. Mimi sitakuwepo. Daktari mdogo wangu unayerithi kile kiti, nakuomba: kabla hujawasha taa, vuta stuli ukae mbele yake. Muulize siku yake inakwendaje. Halafu nyamaza, hata kama foleni imefika getini.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza mpaka hapa. Asanteni sana.