Uzi Mwekundu wa Mzee Shiundu

Na hata mikebe mlitoa. Sisi watoto wa mzee tulisema jana, tunasema tena mbele ya jeneza: kutafuta nafasi ya tenti si sababu ya kubeba mimea ya marehemu, na ule uzi mwekundu haukuwa uchawi.

Mzee wetu Elijah Shiundu alizaliwa Butere mwaka wa 1941, akasoma huko mpaka darasa la saba. 1963 aliandikwa kituo cha utafiti wa malisho, Trans Nzoia, kuzalisha lusini, yale majani ng'ombe na mbuzi hupenda. Baadaye sisi watoto tulipozaliwa tulichanganyikiwa: mtu mzima anafungia maua harusi! Alichukua unga wa ua moja na sindano, akapaka ua la mmea wa mbali, akafunga uzi mwekundu ajue ni gani.

1966 alimuoa mama yetu, Nabwire, Msamia. Wazee wakauliza kwani wasichana wa Butere wameisha. Akawaambia, "Si nyinyi mlisema mtu haoi ukoo wake? Hata lusini ikizaa na ndugu yake inatoa kinyonge." Walicheka, wakamwachilia.

1994 kazi iliisha, tukahamia mtaa wa Tena, Nairobi. Mchana alikuwa kibarua Industrial Area, jioni yuko na mikebe ya lusini nyuma ya nyumba. Lusini moja ilikuwa ndefu lakini jua kidogo imelala. Ingine, mbegu aliletewa kutoka Garissa na rafiki yake Muhidin, muuza mbuzi wa soko la Kiamaiko, fupi, ngumu kama waya. Alitaka mtoto wa hizo mbili. Muhidin akisumbua ataona lini, mzee anamjibu, "Wacha maganda ya mbegu ikauke."

Sukari ilimshika 1995, ikamaliza macho. Mama akawa ndiye anashika sindano ya maua, mzee anamwelekeza. Alituacha Jumapili, Machi 9, 1997, maganda bado mabichi.

Sasa kuna mtu amekata uzi akikemea mapepo. Mwingine amelisha mbuzi ya matanga hiyo lusini. Bila uzi, ganda gani ni la harusi, gani ilijizalia tu? Mama hajui. Muhidin hajui. Sisi ndio kabisa.

Ameacha mjane Nabwire, watoto Shitanda, Millicent na Bwire, na wajukuu. Alale salama, alichoka.

Kama mkebe uko kwako, rudisha kabla basi ya kumpeleka mzee Butere itoke leo jioni. Usimwagie maji, usiombee, na uzi usiguse.