Sufuria Iliyotoboka ya Mama Kamili

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema lolote, sikieni hii. Ngo, ngo, ngo. Hiyo ni sufuria. Iko hapa mezani, na fundi mitambo wangu ananitazama kama nimeingiza mbuzi studio. Ni sufuria kubwa ya alumini, ile ya kupikia ugali wa shule, na kitako chake kina tundu linalopitisha ngumi yangu. Aliyeitoboa ni mimi. Nitawaambia nilivyoitoboa, maana huwezi kumkumbuka Mama Kamili halafu sufuria hii ukaiacha nje.

Jina lake la ubatizo ni Zipora, Zipora Bujiku. Amefariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake Kambarage, hapa Shinyanga mjini, akiwa na miaka themanini na tatu. Alikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari ya wasichana. Narudia, mhudumu, si mwalimu. Yeye mwenyewe alisoma hadi darasa la nne. Lakini mimi, Anisia Mabula mnayenisikia kila Jumapili, kemia nimefundishwa na huyo.

Alizaliwa Ushirombo, kwenye familia ya wakulima. Mdogo wake, Bibi Febronia, aliniambia juzi msibani: "Zipora alikuwa msumbufu, jamani! Mama akitia magadi kwenye maharage, yeye anauliza yanalainikaje. Anachapwa mwiko. Kesho yake anauliza tena."

Akaolewa Geita, mumewe Ansgar akiwa mchimbaji mgodini. Mwaka 1961 naye akapata kazi huko, kufagia chumba cha kupimia dhahabu. Alichokiona humo aliwahadithia wanawe mpaka wakakikariri. Maji yako ndani ya chupa, meupe kabisa, na dhahabu imo lakini huioni. Fundi anamwaga unga wa zinki. Dhahabu inajitoa ndani ya maji na kutua chini kama tope jeusi. Mfagiaji akaegemeza ufagio ukutani, akauliza: "Kwa nini unga? Kwa nini usitupie kipande?" Yule fundi alicheka, ila akamjibu. Kipande hukutana na maji kwa nje tu. Unga hukutana nayo kila upande, ndiyo maana kazi inakwisha upesi.

Lishikeni jibu hilo, wapendwa. Yeye alilishika miaka ishirini.

Mgodi ulipofungwa mwaka 1966, familia ikahamia Shinyanga, na Mama Kamili akaajiriwa shuleni kuosha chupa za maabara. Ndiko nilikomkuta. Sasa twende Septemba 1981.

Mliokuwepo mnakumbuka. Sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Shuleni kwetu mche mmoja ulikatwa vipande ishirini, kisha ukaisha hata huo mmoja. Ukaingia upele. Jamani, upele! Tulijikuna darasani, tukajikuna kanisani. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa amehamishwa tangu Juni, na badala yake hajaja mtu.

Jumatatu moja bwana afya akaja, akakagua bweni, akamwambia mkuu wa shule, Mwalimu Eustace: "Dawa ya kupaka ninayo. Lakini dawa juu ya uchafu ni kazi bure. Nakupa siku kumi upate sabuni ya wasichana na mashuka yao. La sivyo nalifunga bweni, waende makwao." Siku kumi. Nasema tena, siku kumi.

Kwa wengine kwenda nyumbani ni likizo. Mimi nilikuwa kidato cha nne, mtihani ni Novemba, na baba yangu, Mzee Mabula, mkulima wa pamba, alikwishaniambia waziwazi: "Ng'ombe wa mahari wameshatajwa. Wanangoja umalize shule. Ukirudi kabla, basi ndiyo umemaliza." Hakuwa mtu mbaya, baba yangu. Alikuwa baba wa wakati ule. Na sikuwa peke yangu. Kidato cha nne tulikuwa arobaini na wawili, na wengi wetu ng'ombe zetu walikuwa njiani.

Mwalimu Eustace alishika kichwa. Hapo Mama Kamili, kaniki kiunoni, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mkuu, wilaya yote hii ni pamba. Sabuni imo humohumo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikwenda kwenye kinu cha mafuta ya pamba, akaomba mafuta machafu yanayobaki chini ya pipa, yale yasiyofaa kuuzwa, wakampa. Mabua je? Mnajua wenyewe, pamba ikishavunwa mabua lazima yang'olewe na kuchomwa. Kila shamba lilikuwa linafuka moshi. Tukaenda na magunia, tukazoa majivu.

Akatuonyesha. Unayatia majivu kwenye debe lenye matundu, unamimina maji juu, chini yanadondoka maji ya rangi ya chai. Kisha chokaa ya mawe, iliyobaki ya kupakia kuta. Tuliimwagia maji kwenye ndoo, ikaanza kuchemka. Bila moto! Tereza, jirani yangu wa kitanda, alikimbia. Mama Kamili akatuambia tusogeze viganja karibu na ubavu wa ndoo.

"Moto huo umetoka wapi?" akauliza.

Tukainama kutazama chini ya ndoo.

"Ulikuwamo. Vitu vikibadilika, vingine vinatoa moto na vingine vinaudai. Hii imetoa. Sabuni itataka moto wa kuiamsha, kwa hiyo kuni ziwe tayari."

Chokaa ile aliichanganya na maji ya majivu, yakawa makali. Akayapima kwa yai la kuku. Lilipoelea, akatabasamu: ukali umetosha. Hiyo ilikuwa siku ya nne. Akaenda mjini kutafuta nusu pipa la chuma la kupikia, akatuachia neno moja tu: "Msitenge motoni mpaka nirudi."

Sasa nije kwenye aibu yangu. Nilikuwa wa kwanza darasani na kichwa kilinivimba. Nilisoma kitabuni kwamba joto huharakisha badiliko. Nilisoma pia kwamba alumini hupitisha joto upesi kuliko chuma. Siku zinakwenda, yeye anahangaikia pipa la nini? Nikawaamuru wenzangu walete sufuria ya ugali. Tukamimina mafuta, tukamimina maji makali yote.

Kuni hazijashika vizuri, sufuria ikaanza kutoa mapovu. Povu likawa jeusi. Tukashangilia, tukidhani ndiyo sabuni. Mara pssss! Kitako kikaachia, na kazi yetu ya siku nne ikazama motoni. Ashukuriwe Mungu, hakuna aliyeungua ila mimi, vidole viwili.

Mama Kamili alitukuta hapo akisukuma pipa lake. Akatazama majivu yaliyolowa. Akatazama tundu. "Nani?"

"Mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Ulitaka kwenda upesi."

"Ndiyo, mama."

"Umekwenda upesi kweli. Ila umebadilisha sufuria, mafuta hukuyabadilisha." Nililia, nyie! Naye akaendelea polepole: "Maji haya hayajui wewe unataka nini. Yanakula yanachokiweza. Chuma hayakiwezi, alumini kwayo ni mboga ya mlenda. Chukua daftari. Andika kilichoingia, andika kilichotoka, na uandike kwamba mapovu yalianza kabla ya kuni kushika. Ukimaliza ukanizolee majivu. Zimebaki siku sita."

Hakunichapa. Heri angenichapa.

Maji ya majivu ya kwanza yalichukua siku tatu kudondoka. Safari hii alituambia tuyachekeche yawe laini kabisa, tumimine maji ya moto badala ya baridi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Geita walitia unga, hawakutupia kipande." Siku moja na nusu tu, yai likaelea.

Siku ya tisa pipa liko motoni na zamu ya kukoroga ni yangu. Nikainua macho, namwona baba anashuka kwenye baiskeli. Amesikia shule inafungwa. Kamba ya kufungia sanduku langu iko nyuma ya baiskeli. Nikaendelea kukoroga, macho chini.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu Mama Kamili kwa Kisukuma. Mayu ni mama.

"Mwangaluka, baba. Umekuja wakati mzuri. Huyu mtoto amechoka, nishikie mwiko."

Baba yangu! Mwenye ng'ombe wake, mbele ya wasichana, kushika mwiko! Alisita. Lakini mwiko ulikwisha kuwa mkononi, na kile kitu kikiachwa kinaganda upande. Akakoroga. Akakoroga mpaka shati likalowa. Mafuta yalikuwa yanaelea peke yake, yakaacha kuelea. Yakawa mazito kama uji wa mgonjwa. Mama Kamili akamimina maji ya chumvi, na uji ule ukajigawa, juu donge jeupe, chini maji ya kahawia. Akachota donge, likapoa, akampa baba na kata ya maji.

Baba akanawa. Povu likajaa mpaka kwenye viwiko. Akanusa mikono yake, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Mayu, hii ni nini?"

"Pamba yako, baba. Mafuta ni ya mbegu zake, majivu ni ya mabua yake. Uliyokuwa unachoma."

"Miaka ishirini nalima. Na mwanangu anajua kuifanya?"

"Anajua na namna ya kuiharibu. Wachache wanajua yote mawili. Mwache amalize."

Baba akajifuta mikono shatini. Kisha akafungua ile kamba, akafungia mzigo wa kuni uliokuwa pembeni, akautua kando ya pipa. "Nitawaambia wangoje," akasema. Wasikilizaji, wale ng'ombe wanangoja mpaka leo!

Siku ya kumi bwana afya alikuja, akakuta miche mia moja na sita imepangwa juu ya madawati, na mashuka yanapepea uwanja mzima. Bweni halikufungwa. Novemba tulifanya mtihani.

Jana, baada ya kutoka makaburini, Kamili mwanawe alinishika mkono mpaka jikoni kwa mama yake. Sufuria hii ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Akasema, "Mama alikataza isiuzwe kama chuma chakavu. Alisema ndiyo cheti chake, na siku akiondoka apewe Anisia." Nikaigeuza. Ubavuni, kwa ncha ya msumari, ameandika kwa mkono wake wa darasa la nne: *Kidato cha nne 1981. Walioingia 42. Waliotoka 42.*

Kamili, Bibi Febronia, wajukuu na ndugu wote wa Kambarage na Ushirombo, poleni sana. Mungu amlaze pema. Nanyi wapendwa, leo mkinawa mikono, mfikirieni mtu aliyewafundisha bila kuitwa mwalimu. Kama yu hai, mfuateni leo hii, mkamwambie.

Mimi nimechelewa, kwa hiyo nitamwambia kwa hii. Ngo, ngo, ngo. Wote arobaini na wawili, Mama Kamili. Shikamoo.