Makombo ya Biskuti

Mbele yangu kwenye basi, fundi cherehani mnene, futi ikining'inia shingoni, alikuwa amekaa na karani mwembamba anayetafuna biskuti.

"Dada, funga mdomo tu, utapungua," karani alimshauri. Ushauri wenyewe ulitoka pamoja na makombo.

"Kaka, nimepimwa damu. Tezi yangu ya shingo imelegea, homoni hazitoshi, mwili hauunguzi chakula. Tangu asubuhi nina chai kavu tumboni. Wewe hiyo ni pakiti ya pili."

"Mimi mwili wangu hauna shukrani."

"Wako hauna shukrani, wangu ndio mlafi?"

Basi likasimama. Karani akashuka na pakiti yake. Abiria aliyepanda akayaona makombo kitini, akamtazama fundi, akatikisa kichwa.