Ndiyo ya Mama Hiza

Kijiwe cha kahawa kando ya stesheni ya Korogwe hakikosi wasemaji, lakini alasiri ile Hiza alikaa mwishoni mwa benchi, kahawa inampolea mkononi. Alikuwa ametoka Mnyuzi kulitazama shamba la mama yake. Mahindi ya majirani yalifika kiunoni. Kwa mama yaliota magugu, na masika yameshakata. Hiza ndiye aliyejifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, akamwandikia mama programu kwenye simu: inamuuliza kama udongo umelowa, naye akijibu inamwambia apande au asubiri.

— Mama alijibu nini? aliuliza Sadala, fundi simu, kijiweni wanamwita Waya.

— Ndiyo. Kila asubuhi.

— Sasa?

— Simu yake inaanza na herufi kubwa yenyewe. Mimi niliandika: kama jibu ni “ndiyo” ya herufi ndogo, panda. Vinginevyo, subiri.

— Yaani N kubwa tu? Ndo maana wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Herufi haina kosa, alidakia Mzee Mhina, mstaafu wa reli, jina la kijiweni Injini. Simu hizo hazijui Kizigua. Mama yako anaitikia kwa kuvuta.

— Aliandika, mzee. Hakutamka.

— Basi ni satelaiti. Iliona mvua itakata, ikamhurumia. Mwenda pole hajikwai.

— Huruma gani, mzee? Ghala tupu.

Waya akashusha sauti.

— Kwani haitengenezeki?

— Nimeshatengeneza jana. Ni neno moja tu nililoongeza, la kugeuza kila herufi iwe ndogo.

Kwenye ncha ya pili ya benchi alikuwa ameketi mama mmoja, Bernadina, anasubiri gari la Handeni.

— Shikamoo mzee. Samahanini jamani, nimewasikia. Huyo mama ni mkulima?

— Marahaba. Mkulima tangu usichana wake, alijibu Mzee Mhina.

— Sasa udongo si alikuwa anaushika kwa mkono wake mwenyewe? Kwa nini alisubiri?

Waya alimtazama Mzee Mhina. Mzee Mhina alitazama reli. Asubuhi ile, pale kwenye magugu, mama yake Hiza alikuwa amemuuliza polepole, kama mtu anayeomba radhi: “Au nilikuwa nakujibu vibaya, mwanangu?”