Kitovu Changu Kiko Bihambwe

Papa na mama mlioketi hapa, mnanijua. Mimi ndiye wa kwanza kilimani hapa kurudi na diploma ya uuguzi. Nilifua mashuka ya hospitali miaka minne mjini ili nisome. Hakuna aliyenibeba.

Niliporudi nilivaa viatu vyeusi. Mama mmoja mzee alikuwa akipalilia maharage kando ya njia. Nilimpita bila salamu. Ndugu zangu, nawaambia, likumbukeni hilo.

Kazi ilikuwa tayari, dispansari ya Walikale. Kilibaki kitabu cha utambulisho tu. Pale Masisi, kwenye ofisi ya serikali, karani alisoma cheti changu cha ubatizo.

«Papa, wewe iko muntu wa Ruanda.»

«Nilizaliwa Bihambwe.»

«Karatasi inasema Ruanda. Mwisho wa mwezi utarudi kwenu.»

Marehemu baba alikosea kama wengi wenu. Padri alipomuuliza mtoto ni wa wapi, alitaja kilima cha babu yake kule Ruanda, kwa heshima, kama desturi yetu. Kilima hicho sijawahi kukiona.

Nikatoa diploma. Karani aliisoma yote, akaikunja. «Iko muzuri. Utaionyesha kule.»

Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu nililia mbele ya watu, na viatu vyangu miguuni. Ndipo yule mama mzee, aliyesikia habari zangu, akaingia na jembe begani.

«Mimi njo nilimupokea huyu akizaliwa. Kitovu yake iko chini ya mugomba yangu. Mukuje muchimbe.»

Karani akacheka. «Mama, kitovu iko na muhuri?»

«Na yako, iko nayo?»

Ofisi nzima ikacheka. Mzungu mkuu akauliza kuna nini. Alipotafsiriwa maneno hayo, akachukua kalamu, akaandika. Msidhani aliandika kwamba mimi ni wa hapa. Aliandika ruhusa ya mwaka mmoja, kama ya mgeni.

Nafanya kazi, namshukuru Mungu. Lakini kila mwaka naiomba tena, na mama huyo hunisindikiza, maana diploma yangu haijui nilikozaliwa. Siku asipokuwepo, sijui nani atanisemea.

Wazazi, mkiulizwa, tajeni mahali mtoto alipozaliwa. Babu hatakasirika.

Nanyi mlionitunzia mama yangu nikiwa masomoni, asanteni. Nilisema hakuna aliyenibeba, nimesema vibaya.

Na wewe, Mama wa mgomba, nakuona pale nyuma, karibu na mlango. Jambo, Mama. Leo nimetangulia kukusalimu.