Neno la Kumpelekea Kindness

Kijiwe chetu kipo Majengo, barazani kwa chumba changu cha kushonea, kwenye benchi lenye miguu mitatu na tofali moja. Wananiita Sindano, na nina haki ya kulalamika: benchi ni langu, kivuli ni cha bati langu, lakini mteja akija hapati pa kukaa kwa sababu pamejaa wataalamu. Wa kwanza ni Balozi. Jina lake la ubatizo ni Isack, na cheo alikipata kwa kuchimba mitaro miezi minane kwenye barabara iliyosimamiwa na Wachina. Tangu hapo China yote ni yake. Wa pili ni Kileleni, yaani Gidioni, mpagazi wa mlimani, ambaye kila jambo la dunia hii analipima kwa kimo. Wa tatu ni Data, Shedrack wa bodaboda, kijana ambaye huishiwa mafuta lakini haishiwi bando. Katikati yetu anakaa Mama Kindness, Mektrida, anayeteremka kila asubuhi kutoka Kirua Vunjo na kahawa ya kihamba chake, shamba la nyumbani, akaweka birika juu ya jiko la mkaa na kutuvumilia. Jumanne ile hakutuvumilia tu, alituomba msaada. Katika habari hii yote, kosa lake ni hilo moja.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Alimimina vikombe vinne, cha kwake hakukimimina. Akamkabidhi Data simu yake.

Mama Kindness: Fungua sauti ya leo. Wote msikie.

Kindness ni mtoto wake wa pekee. Alikwenda China kusoma, akamaliza, akaajiriwa na kampuni inayouza vipuri vya pikipiki nchi za nje, katika mji wa Chongqing, ambao hapa kijiweni kila mtu anautamka kivyake na wote tunakosea. Huu ni mwaka wa sita hajaja nyumbani, hata Desemba, mwezi ambao Mchagga asipoonekana migombani watu huuliza kafungwa jela gani.

Data akabonyeza. Sauti ikatoka, ya chinichini, ya mtu aliyejificha koridoni.

“Shikamoo mama. Nipo kazini, simu siwezi kupokea, nitumie sauti tu. Mkataba wangu unaisha leo. Wameniwekea mwingine mezani, wa miaka mitatu. Ofisi inafungwa saa kumi na moja, na kabla haijafungwa lazima niseme ndiyo au hapana. Mama, ukiniambia nirudi, narudi, wala sitanuna. Kuniambia nikae najua huwezi kwa mdomo wako, kwa hiyo usijitese. Ukinyamaza nitaelewa umeridhia, nitasaini.”

Mama Kindness: Mimi nataka arudi. Nimechoka kumwona kwenye kioo. Ila nipeni namna ya kulisema, isije ikaonekana nimemng’oa mtoto China aje kuchuma kahawa.

Swali lilikuwa hilo tu. Mtu mwenye akili timamu angesema, mwambie rudi, halafu angeomba kikombe cha pili. Lakini mtu wa namna hiyo hakai kijiweni saa tatu asubuhi.

Balozi: Taratibu, Mama Kindness. China haijibiwi hivihivi.

Mimi: Saa kumi na moja bado sana. Tuna mchana mzima.

Maneno hayo niliyasema mimi. Nayaandika mwenyewe, asije mwingine akayasema kwa ubaya zaidi.

Balozi: Kwanza mjue, Mchina ni mtu wa mbele. Hata saa ametutangulia tano nzima. Yeye anakula cha mchana, wewe hapa ndio kwanza unapiga mswaki.

Kileleni: Ndiyo maana vitu vyao vinakufa mapema. Unanunua leo, kumbe kimeanza kuzeeka kabla yako.

Data: Dah! Hiyo ni fizikia kabisa.

Mama Kindness: Sasa nimwambieje?

Balozi: Subiri tuelewe mazingira yake kwanza. Data, hebu weka zile za zamani.

Data akatafuta, akapata moja ya mwezi uliopita.

“Mama, huu mji una milima kama kwetu. Naingia jengo kwa mlango wa mtaani, napanda lifti mpaka ghorofa ya kumi na mbili, natoka, nakuta barabara na magari yanapita! Kuna mahali treni inapenya katikati ya jengo wanamoishi watu. Mimi nakaa ya ishirini na tisa. Ukungu ukishuka sioni hata dirisha la jirani.”

Kileleni aliweka kikombe chini. Ukitaja kimo mbele yake umemwasha.

Kileleni: Ghorofa ya ishirini na tisa, na chini ya jengo kuna mlima! Jamani, hapo hewa ni nyepesi. Mtu amekaa juu miaka sita bila kushuka, mnategemea kichwa kiwe sawa? Mimi nimeona wageni kule juu wanajadiliana na mawe. Huyo binti asisaini kitu akiwa huko. Ashuke kwanza, anywe maji, alale usiku mmoja, kisha ndiyo asaini.

Balozi: Siyo hewa. Zile ghorofa zimepangwa makusudi. Mgeni asijue yuko juu au yuko chini. Akitaka kutoroka kazini, anashuka ngazi, anajikuta jikoni kwa mtu.

Mimi: Kwa nini atoroke kazi yake mwenyewe?

Balozi: Sindano, wewe umewahi kufanya kazi na Wachina?

Mimi: Sijawahi.

Balozi: Basi shona.

Data: Wazee wangu, hamjasoma mchezo. Treni haipenyi popote. Treni imesimama. Jengo ndilo linalotembea. Akili bandia hiyo, unalala mtaa huu unaamka mtaa mwingine.

Kileleni: Na bili ya maji wanakupelekea wapi?

Data: Inakufuata.

Tulicheka mpaka benchi likayumba kwenye tofali lake. Mama Kindness hakucheka. Alipuliza mkaa, akasema tena, sasa nimwambieje, na Balozi akainua mkono kama trafiki, akaagiza sauti nyingine.

“Mama, hapa kila mtu anakunywa maji ya moto matupu. Ukiumwa kichwa, maji ya moto. Ukiachwa na mchumba, maji ya moto. Hata mgeni akija anamiminiwa hayohayo. Juzijuzi niliumwa siku nne, bibi wa mlango wa pili, bibi Liu, alikuwa ananiletea supu na chupa ya maji ya moto. Ananiita binti yake. Kwenye lifti watu wananishikashika nywele, yeye anawafokea mpaka wanashuka kabla ya ghorofa yao.”

Mama Kindness: Maji yamechemka kabisa, halafu hawaweki kitu?

Balozi: Ndiyo siri yao hiyo! Maji ya moto yanasukuma damu, damu inasukuma mkono. Kule mtaroni bosi wetu alikuwa na chupa yake, haiachi. Sisi kahawa inatupeleka mdomoni, wao maji yanawapeleka kazini. Kesho kutwa hili bara zima likianza kunywa maji matupu, hawatatuona.

Alisema hivyo huku akisogeza kikombe kiongezwe.

Mama Kindness: Aliumwa siku nne. Mimi hakuniambia.

Akamwongezea Balozi kikombe.

Mama Kindness: Supu ya nini alimpa?

Data: Ya kuku labda, mama.

Mama Kindness: Huyu akiumwa hali kitu ila mtori wa ndizi. Tangu mdogo. Nilikuwa nauponda mwenyewe, nampelekea kitandani, nasubiri amalize bakuli.

Hapo ndipo mtu angenyamaza kidogo, au angesema pole. Kileleni akauliza kama zile chupa za Kichina zinatunza joto mpaka asubuhi, maana mlimani zinazotumika sasa zinapoa kabla hujafika kambini. Balozi akamhakikishia zinatunza siku tatu. Data akasema wiki, na kwamba zina laini ya simu ndani.

Jua lilikuwa limeshapanda hadi kwenye vidole vyetu vya miguu. Mama Kindness akakunja kanga yake mapajani, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

Mama Kindness: Kwa hiyo nikisema arudi, ni vibaya?

Data: Mama, mimi naona akae kwanza. Akirudi, shokapu za pikipiki yangu nani atanitafutia? Ameniambia mzigo wa mwezi ujao.

Kileleni: Na mimi kuna taa ya kichwani aliniahidi. Sisemi kwa ajili ya taa. Nasema kwa ajili ya maisha yake.

Balozi: Mashine yangu ya kukanda magoti haina uhusiano na ushauri huu. Iwekwe pembeni kabisa. Lakini akae.

Nami nisijifanye malaika. Nilikuwa nimeagiza mota ya cherehani, nikasema miaka mitatu si mingi. Nilisema nikitazama sindano, siyo uso wake. Nimejionea aibu baadaye, ambayo haimsaidii mtu.

Mama Kindness: Kumbe wote mna mizigo yenu kule.

Balozi: Si mizigo, ni ushirikiano. Sasa ukitaka kweli kumwambia arudi, andika kibalozi. Data, andika: “Kwa heshima na taadhima, kutokana na hali halisi ya kifamilia...”

Kileleni: Weka na habari ya kimo.

Data: Ngoja kwanza, mniamini ile ya treni.

Badala ya kuandika, akaanza kutafuta klipu ya jengo linalotembea, kwenye simu ileile ya Mama Kindness, kwa sababu kioo chake ni kikubwa. Kindness ndiye aliyeituma. Tulibanana vichwa vitano juu ya kioo. Katikati ya klipu kikadondoka kijitangazo cha ujumbe juu, Data akakisukuma pembeni kwa dole gumba kama anafukuza nzi. Hatukukisoma. Treni ilikuwa inaingia kwenye jengo, na kwa kweli ilionekana ni treni inayotembea, jengo limetulia. Data akasema wameigeuza walipoihariri. Tukabishana hapo mpaka adhana ya adhuhuri ikalia msikitini, ikaisha, na bado tunabishana.

Mama Kindness akanyoosha mkono.

Mama Kindness: Nipe simu yangu. Nitamwambia, mwanangu rudi, migomba ipo, mtori nitauponda. Basi. Asiyependa akachume kahawa yake.

Kwa mara ya kwanza tangu saa tatu, kuna mtu kijiweni alikuwa amesema jambo la maana. Akaisogeza simu mdomoni. Wakati huo akaingia mteja wangu, Lukresia wa Rau, na joho lake la kwaya mkononi, linataka kupunguzwa mabega.

Lukresia: Shikamooni. Mbona mmeinama hivyo, kuna msiba?

Balozi: Marahaba. Hakuna msiba, kuna diplomasia. Binti wa Mama Kindness yuko China, anasubiri neno la mama yake kabla ya saa kumi na moja, ofisi haijafungwa. Tumelishughulikia tangu asubuhi. Sasa limeiva, na muda bado tunao.

Lukresia akaweka joho juu ya cherehani. Akatutazama mmoja baada ya mwingine.

Lukresia: Saa kumi na moja ya hapa, au ya kule?

Balozi, mwenye saa zake tano nzima za Mchina, alikiangalia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Kileleni alitazama juu kwenye bati. Mimi nilihesabu kwa vidole chini ya meza, kumi na moja toa tano, nikahesabu tena nikitumaini vidole vimekosea. Saa sita. Saa ya ukutani kwangu ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi.

Mama Kindness aliishusha simu. Akaona alama nyekundu ya ujumbe iliyokuwa ikimsubiri. Akabonyeza mwenyewe, hakumpa Data.

“Mama, kumi na moja imefika, umenyamaza. Nimesaini. Asante kwa kunielewa. Nikuambie ukweli? Tangu asubuhi nilikuwa naomba kimoyomoyo uniambie rudi. Nilishafungua hata sanduku. Lakini wewe umeona mbali kuliko mimi. Haya, nashuka, bibi Liu ameniita chakula.”

Sauti ikaisha. Mtaani pikipiki zilipita, mtu wa nyanya akapita akiita wateja.

Data: Mama, samahani. Kile kijitangazo... Mwambie sasa hivi. Mwambie hukunyamaza.

Mama Kindness: Nimwambie nini? Kwamba nilikuwa nawasikiliza nyinyi?

Balozi akafungua mdomo. Nadhani alitaka kusema kwamba miaka mitatu ya China, ukiipiga hesabu kwa zile saa tano, inapungua. Lukresia alimtazama, Balozi akaufunga. Ndiyo mara pekee niliyomwona akiufunga bila kuombwa.

Hatukujua mikono tuiweke wapi. Kileleni, kwa mazoea tu, akanyoosha kikombe.

Mama Kindness: Kahawa imekwisha. Mmeimaliza.

Kileleni: Basi, mama. Basi tu.

Mama Kindness: Leta. Yamebaki maji ya moto.

Akatoa sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, akatumiminia mmoja mmoja, mpaka juu. Kisha akakaa, akatutazama. Tukayanywa yote.